Wasomaji Wanauliza: Je, Kamera Ndogo Inatosha?

Katika toleo lililopita nilieleza jinsi nilivyouza kamera yangu kubwa pamoja na lenzi zake tatu, nikabaki na kamera moja ndogo ambayo lenzi yake haifunguki ili ibadilishwe, wala haivuti mbali. Maelezo yale yalikuwa mafupi, lakini yameleta barua nyingi kutoka Mtwara, Lindi, Newala na Kilwa. Baadhi zinanipongeza, na baadhi zinaniuliza kwa uchungu kama ninawakatisha tamaa vijana wanaojinyima ili wanunue vifaa. Nimechagua tano, nimezifupisha, na ninazijibu hapa kwa kadiri ya uzoefu wangu.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Chuno, Mtwara Mjini. Msimu huu korosho za familia zimetuachia kitu kidogo, na kwa mara ya kwanza ninazo fedha za kununua kamera. Ninataka kupiga picha za maisha yetu: bibi yangu aliyeko Nanyamba, wavuvi wa Mikindani, wanawake wanaobangua korosho, watoto wakitoka shuleni. Mpiga picha mmoja hapa mjini ameniambia kwamba nisipokuwa na kamera kubwa, lenzi tatu, flashi na stendi nitakuwa ninacheza tu. Orodha aliyoniandikia inazidi fedha zangu mara mbili, na ananishauri nikope. Wewe umeandika kinyume chake. Nimsikilize nani?

Marahaba, mwanangu. Usikope.

Huyo mpiga picha hakukudanganya. Amekuandikia orodha ya vifaa vinavyohitajika katika kazi yake, na kazi yake si hiyo uliyonitajia wewe. Mtu anayelipwa kupiga harusi usiku ukumbini, mahali penye taa hafifu na watu mia tatu, anahitaji vifaa vya namna hiyo. Wewe unataka kumpiga picha bibi yako akiwa amekaa barazani, na bibi yako hahitaji lenzi tatu ili aonekane.

Tuanze na uzito, kwa sababu watu hulidharau jambo hili dukani na kulijutia njiani. Kamera kubwa yenye sensa kamili (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), yaani ile yenye milimita 36 kwa 24, hukaribia au huzidi kidogo kilo 1 ikiwa na betri yake. Lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 70 hadi 200, ile nene wanayoipenda wapiga picha wa mpira, ina kama kilo 1 na nusu peke yake. Ukiongeza lenzi ya pili, flashi, chaja na stendi, umebeba zaidi ya kilo 5. Kamera ya Ricoh GR III, iliyotoka mwaka 2019, ina gramu 257 pamoja na betri na kadi, na sensa yake ya takriban milimita 24 kwa 16 si ya mchezo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utatoka na kamera unapokwenda sokoni kununua samaki, au utaiacha kabatini ukisubiri siku ya kazi maalumu. Mimi niliiacha kabatini kwa miaka. Kila nilipoona jambo zuri, kamera ilikuwa nyumbani.

Nakumbuka vizuri siku iliyonifanya nibadilike. Pale Mikindani, ufukweni karibu na mji wa kale, mafundi walikuwa wamepandisha mashua mchangani wanaitia kalafati, wakishindilia pamba iliyolowekwa mafuta katikati ya mbao kwa patasi na nyundo. Nilifika na begi langu, nikatoa kamera kubwa na lenzi ndefu. Nyundo zikanyamaza zote. Mafundi wakasimama wima wakajipanga mstari kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho, na mmoja wao akaniuliza natoka gazeti gani na picha zile wao watalipwa kiasi gani. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana chombo kile kilimwambia kwamba mimi nimekuja kuchukua kitu cha thamani. Nikapiga picha mbili za watu waliosimama wima, nikarudi nyumbani.

Baada ya mwezi nilirudi na kamera ndogo niliyoazima kwa shemeji yangu. Nilisalimia, nikakaa kwenye gogo, tukazungumza kuhusu bei ya mbao na kuhusu kusi iliyochelewa mwaka ule. Niliomba ruhusa, wakanikubalia, wakaendelea na kazi. Picha ninayoipenda kuliko zote nilizopata kupiga ni ya asubuhi ile: mkono wa fundi, patasi, na uzi wa pamba unaoingia kwenye ufa wa ubao. Kamera ilikuwa duni kuliko yangu kwa vipimo vyote vya dukani. Kitu pekee ilichokuwa nacho ni kwamba haikusimama kati yangu na wale watu.

Jambo hili si geni, na wala halikuanzia kwangu. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa Brownie, kisanduku cha karatasi ngumu kilichouzwa kwa dola 1, na ghafla watu waliokuwa hawajawahi kufikiria kumiliki kamera wakaanza kupiga picha za watoto wao na mifugo yao. Miaka michache baadaye huko Wetzlar, Ujerumani, fundi aliyeitwa Oskar Barnack alikuwa anapenda kupiga picha akitembea milimani, lakini alikuwa na pumu, na kamera za wakati ule zenye vioo vikubwa zilimchosha. Akaunda kamera ndogo inayotumia mkanda wa sinema wa milimita 35. Ndiyo iliyozaa Leica iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, na kipimo chake cha milimita 24 kwa 36 ndicho hicho tunachokiita leo sensa kamili. Tafakari hilo kidogo: kipimo ambacho vijana wetu wanakikopea fedha kwa kudhani ni cha kamera kubwa, kilibuniwa na mtu aliyekuwa anatafuta wepesi.

Hapa Afrika alikuwapo mpiga picha Malick Sidibé wa Bamako, Mali. Kamera yake ya kwanza ilikuwa Brownie. Katika miaka ya 1960 alikuwa anakwenda kwa baiskeli kwenye dansi za vijana, kutoka sherehe moja hadi nyingine kwa usiku mmoja, akiwa na kamera nyepesi ya mkanda wa milimita 35 na flashi. Studioni alitumia kamera kubwa zaidi, kwa kuwa huko mteja amekaa na taa imetulia. Lakini kwenye dansi aliweza kuingia katikati ya wachezaji kwa sababu mikono yake haikulemewa. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venice. Picha zilizomfikisha huko nyingi ni zile za kwenye dansi.

Sasa nikueleze faida ambayo haionekani kwenye karatasi ya vipimo. Kamera yenye lenzi moja isiyovuta inakuondolea maswali. Huwezi kusimama mbali na kuvuta sura ya mtu asiyekujua; ni lazima usogee, na ukisogea ni lazima usalimie. Huku kwetu hilo si jambo dogo. Aidha, baada ya miezi michache utaanza kuona picha kabla hujainua kamera, kwa maana jicho lako litakuwa limezoea upana mmoja tu. Niliyekuwa na lenzi tatu nilikuwa ninabadilisha lenzi wakati mtoto ameshamaliza kucheka.

Na matumizi yake yanaweza kuwa rahisi mno. Kwa jua letu la saa nne asubuhi, weka aiso, yaani kipimo cha wepesi wa kuhisi mwanga, 200, tundu la lenzi namba 8, na kasi ya sehemu 1 ya 800 ya sekunde, na hutakosea sana. Kama ni kamera ya aina ya Ricoh niliyoitaja, ukifunga fokasi kwenye mita 2 na nusu huku tundu likiwa 8, vitu vyote kuanzia mita moja na kidogo mbele yako hadi upeo wa macho vitatoka vikiwa wazi. Huna haja ya kusubiri kamera itafute. Unabonyeza, basi.

Nunua iliyotumika, lakini ikague. Piga picha ya anga tupu kwa tundu dogo kabisa la lenzi, kisha uikuze kwenye kioo: madoa meusi yasiyohama ni vumbi lililoingia kwenye sensa, na kwa kamera ambazo lenzi haifunguki, kulitoa ni kazi ya fundi. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka pembeni utafute utando mfano wa nyuzi za buibui, ambao ni kuvu. Bonyeza kila kitufe. Fedha zitakazobaki zitumie kwa nauli ya kwenda Nanyamba mara nyingi na kuchapa picha za bibi umpelekee mkononi. Mimi bibi yangu alifariki kabla sijampelekea hata moja, na picha zake tatu nilizonazo zilipigwa na mtu mwingine.

Assalaam alaykum, ndugu mwandishi. Mimi napiga picha za harusi hapa Lindi Mjini kwa miaka kumi na moja. Maneno yako ni mazuri kwa mtu anayepiga kwa kujifurahisha, lakini sisi tunaokula kwa kazi hii tunajua kwamba mteja hulipa anachokiona. Nikitokea na kikamera cha mfukoni, baba wa bwana harusi ataniuliza mpiga picha yuko wapi. Huoni kwamba unatuharibia?

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili na ninakubali sehemu kubwa ya usemi wako. Kwa harusi usiiache kamera kubwa, na wala sababu si baba wa bwana harusi pekee. Kamera nyingi za kazi zina nafasi ya kadi mbili, hivyo kila picha inahifadhiwa mara mbili kwa wakati mmoja, na kadi moja ikifa kazi ya watu haipotei. Kamera ndogo nyingi zina kadi moja tu. Harusi hairudiwi, na anayepokea fedha za watu kwa kadi moja anacheza na amana.

Lakini nijibu na mimi hili. Ni picha ipi ambayo wateja wako huikatia fremu na kuitundika sebuleni? Kwa uzoefu wangu, mara nyingi si ile ya kukata keki ambayo kila mtu anayo. Ni ya bibi harusi anapofungwa hina na shangazi zake, au ya mama yake akiwa amekaa pembeni ya kitanda amejifuta machozi. Vyumba vile ni vidogo, watu ni wengi, na kamera ya kilo mbili yenye flashi kichwani inakigeuza chumba kuwa ukumbi. Kama una msaidizi wa kike anayeruhusiwa kuingia huko, na ni vizuri uwe naye, mpe kamera ndogo isiyo na kelele, azime flashi, atumie mwanga wa dirishani. Weka picha zake nne au tano kwenye albamu. Mteja akiisha kuziona, hatakuuliza zilipigwa na chombo cha ukubwa gani.

Kuhusu kuwaharibia, sikubaliani nawe. Imani ya kwamba ukubwa wa kamera ndio ujuzi inawaumiza ninyi wenyewe kuliko mtu yeyote, kwa sababu kijana yeyote atakayekopa kamera kubwa kuliko yako atakunyang'anya mteja hata kama hajui kuweka mwanga.

Mzee mwenzangu, salamu kutoka Newala. Nimestaafu ubwana shamba. Nilipokuwa kazini nilinunua kamera ya Olympus Trip 35, nayo ipo kwenye kisanduku chake hadi leo. Haijatumika tangu studio zilipoacha kusafisha mikanda. Mjukuu wangu anaitaka. Je, bado itafanya kazi, au nimpe kama pambo?

Barua hii imenifurahisha kuliko zote. Kamera hiyo ilitengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwaka 1984, na ni mojawapo ya kamera zilizofikiriwa vizuri kabisa. Haina betri. Duara la plastiki lenye vipele linaloizunguka lenzi limefunika seli ya seleniamu, ambayo hutoa umeme mdogo inapoguswa na mwanga, na umeme huo ndio unaosogeza sindano ya kupimia. Kwa hiyo huko Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde, hata kijiji kikikosa umeme kwa wiki nzima kamera hiyo haitajua.

Ijaribu hivi kabla ya kununua mkanda. Zungusha pete ya tundu hadi kwenye herufi A. Ifunike lenzi kwa kiganja, vuta mkanda kwa kigurudumu cha nyuma, halafu bonyeza. Ikiwa nzima itakataa, na ukichungulia kwenye kidirisha utaona kijibendera chekundu kimejitokeza. Kisha toka nje juani ubonyeze tena. Sasa inapaswa kukubali. Ikikataa hata juani, seli imechoka; ikikubali hata ukiwa umeifunika, sindano imekwama, ingawa bado unaweza kutumia namba za tundu kwa mkono. Fungua pia mlango wa nyuma utazame sponji nyeusi za pembezoni. Baada ya miaka yote hiyo huenda zimegeuka kuwa lami inayonata, na mwanga utapenya. Zikwangue taratibu kwa kijiti na uweke uzi mweusi wa sufu badala yake.

Mweleze mjukuu kwamba fokasi ni picha ndogo tu zilizochorwa kwenye lenzi: kichwa kimoja ni mita 1, watu wawili ni mita 1 na nusu, kundi la watatu ni mita 3, na mlima ni mbali. Mtoto wa miaka minane analielewa hilo kwa dakika tano. Lililo gumu ni mkanda wenyewe, kwa hiyo ulizieni kwanza nani atausafisha na kwa bei gani, ndipo mnunue. Mkipata, anzeni na mkanda wa aiso 200 au 400, na mjukuu apige picha ya kwanza akiwa pale ukingoni mwa Shimo la Mungu, saa kumi na moja jioni, mwanga unapolala juu ya bonde la Ruvuma. Usimpe kama pambo.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Mtwara. Sina fedha za kamera yoyote, lakini ninayo simu yenye kamera ya megapikseli 12. Je, nianze nayo?

Anza leo. Megapikseli 12 zinatosha kuchapa picha yenye upana wa sentimita 34 bila kuharibika, ukubwa unaozidi karatasi ya A4. Upungufu wa simu uko kwenye sensa yake, ambayo ni ndogo mno, kwa hiyo taa ikififia picha hujaa punje. Tena kwenye jua la mchana kioo hakionekani na utabonyeza kwa kubahatisha. Shida kubwa kuliko zote ni kwamba simu huita. Ukitoka kupiga picha, iweke kwenye hali ya ndege, usivute kwa vidole bali usogee, na ufute picha zisizofaa jioni na si palepale. Ukiona baada ya mwaka mzima bado unatoka, hapo ndipo uanze kudunduliza.

Salaam. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kilwa Masoko na kazi yangu ni kuwaongoza wageni Kilwa Kisiwani. Nilinunua kamera ndogo kwa ushauri wa watu kama wewe ili nipige picha za magofu na za wageni wangu. Baada ya mwaka mmoja imeanza kutoa picha zenye ukungu mweupe na lenzi inakwaruza inapotoka. Kamera kubwa ya jirani yangu haijapata tatizo. Hapo unasemaje?

Dada yangu, nasema pole, na nasema kosa ni letu sisi tunaoshauri bila kumaliza maneno. Kamera nyingi ndogo hazikuzibwa dhidi ya maji na vumbi. Lenzi inapojitokeza na kurudi ndani hufanya kazi kama bomba la kupulizia moto: inavuta hewa, na hewa ya kwenye mashua ya kuvukia Kisiwani ina chumvi na matone. Mkwaruzo unaousikia ni mchanga. Usiendelee kuiwasha, kwa kuwa kila unapoiwasha unasaga meno ya mtambo wake; ipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa na lenzi ikiwa ndani.

Ukungu mweupe unaweza kuwa chumvi iliyokauka juu ya kioo cha mbele, na hiyo hutoka kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo na chumvi, kikifuatiwa na kikavu. Ikiwa uko ndani, basi ni kuvu. Kuvu hupenda giza, joto na unyevu, na kipochi cha ngozi ndani ya kabati la nguo hapa pwani kinampa vyote vitatu. Mimi huweka kamera yangu kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mabegi. Vikijaa unyevu ninavianika juani siku nzima. Mara moja kwa wiki kamera inatoka nje ipate mwanga, hata kama sina la kupiga.

Wakati wa kuvuka, izime kabla hujakanyaga mashua, itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa mdomo, na usiufungue mpaka umefika kwenye kivuli cha magofu na mikono imekauka. Kama utanunua nyingine kwa kazi hiyohiyo, tafuta ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya maji, ambayo lenzi yake haitoki nje kabisa. Picha zake zitapungua ubora kidogo jioni, lakini ndani ya Msikiti Mkuu, pale mwanga unapopita katikati ya nguzo za matumbawe asubuhi, hutaona tofauti.